Koo Tatu za Bao: Undugu Uliofichika kwenye Njia ya Misafara

Anayesafiri kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kufuata njia ya zamani ya misafara, akapita Mpwapwa, akavuka Ugogo, akapumzika Tabora kisha akaendelea mpaka Ziwa Tanganyika, hakosi kukutana na bao penye kivuli na watu waliomaliza shughuli zao. Ubao ni ule ule: safu 4, mashimo 8 kila safu, kete 64. Akiuliza mchezo huu ulitoka wapi, atapewa majibu mawili. Wapo wanaosema bao ni la pwani, lilipandishwa bara na misafara pamoja na shanga, vitambaa na Kiswahili chenyewe. Wapo pia, hasa miongoni mwa Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi, wanaosema mchezo huu ulikuwa wao kabla mfanyabiashara wa kwanza wa pwani hajakanyaga Unyanyembe, eneo la Tabora, na kwamba una jina lake la kale: isolo.

Majibu yote mawili ni ya kweli, kwa sababu kila upande unazungumzia mchezo wake. Ni michezo miwili iliyokutana juu ya ubao mmoja, na kwa kuwa ubao haukubadilika, watu walisahau kwamba iliwahi kuwa miwili. Anayetaka kuona undugu na tofauti zake asihangaike sana na umbo la ubao. Aangalie sheria, na hasa moja: kete zikiliwa, zinakwenda wapi? Swali hilo likiulizwa kutoka Kampala hadi Maputo, na kuvushwa bahari hadi Oman, michezo ya jamii hii hujipanga katika koo tatu. Tabora iko pale ambapo koo mbili kati ya hizo ziliingiliana.

Nchi ya safu nne

Jamii ya michezo ya kugawa kete kwenye mashimo ni kubwa. Afrika Magharibi wana oware, Ethiopia wana gebeta, Indonesia wana congklak, Ufilipino wana sungka, na Asia ya Kati wana togyzqumalaq yenye mashimo 9 kila upande. Mmarekani Stewart Culin, aliyeandika juu ya jamii hii katika miaka ya 1890, aliiita mchezo wa taifa wa Afrika. Lakini karibu yote niliyoitaja ni ya safu 2, kila mchezaji na safu yake moja.

Michezo ya safu 4 ina nchi yake maalum. Nchi hiyo inaanzia Uganda, inashuka Rwanda, Burundi na Tanzania, inapita kusini mwa Congo, Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, na kumalizikia Afrika Kusini na Namibia. Nje ya bara tunaikuta Komoro, Madagascar na Oman. Mpaka wake wa kaskazini unapita katikati yetu: Wamaasai, Wakikuyu na Waluo wana michezo ya safu 2, ilhali Wasukuma, ambao hawako mbali na Wamaasai, wana safu 4. Kwenye mwamba wa Hyrax Hill karibu na Nakuru, mahali alipochimba Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, yapo mashimo ya mchezo wa jamii hii yaliyochongwa jiweni. Ni mchezo uliozoeleka kiasi kwamba watu waliona vyema kuuchonga mahali usipoweza kuhamishwa.

Safu ya pili inabadilisha fikra nzima ya mchezo. Katika oware kila kete iko mstari wa mbele, wazi kwa adui. Katika safu 4 mchezaji ana mbele na nyuma, ana mahali pa kupigania na mahali pa kuweka akiba. Sheria ya ulaji ndiyo inayoamua kama akiba hiyo ni salama au la, na hapo ndipo koo zinapoachana.

Ukoo wa pwani: kete hurudi kwa kupitia kichwa

Bao la Kiswahili, kama linavyochezwa Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na katika vijiwe vya Tabora mjini, lina mambo manne yanayolitambulisha.

La kwanza ni namua. Mchezo hauanzi na ubao uliojaa. Kila mchezaji anaweka kete 10 tu: 6 katika nyumba, ambalo ni shimo la safu ya mbele ambalo kwenye mbao nyingi huchongwa mraba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Kete 22 zilizobaki anakaa nazo mkononi, akiziingiza moja moja kwa kila zamu. Zikiisha ndipo mchezo unapoingia hatua ya pili, mtaji, ambapo kete zote ziko ubaoni na mchezaji anachota alichokwisha weka.

La pili ni namna ya kula. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la adui linalolikabili nalo lina kete, mchezaji anakula kete za adui za mbele peke yake. Za safu ya nyuma haziguswi. Mchezaji wa pwani, kwa hiyo, ana ghala ambalo adui hawezi kulifikia.

La tatu ni njia ya kurudi. Kete zilizoliwa hazitoki mchezoni, na haziendelei kutoka pale mkono ulipofika. Zinaanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Mchezaji akila kwenye kichwa au kimbi, shimo la jirani yake, analazimika kuanzia kichwa cha upande huo, hata kama inambidi kugeuza mwelekeo aliokuwa nao. Ulaji mmoja unaweza kuugeuza mkono mzima, na ndiyo maana bingwa huhesabu mizunguko mingi kabla hajagusa kete.

La nne ni nyumba yenyewe. Katika hatua ya namua, mkono ukiishia kwenye nyumba yako ambayo bado haijavunjwa, una hiari ya kulala, yaani kukoma hapo, au kuisafirisha, yaani kuchota kila kilichomo na kuendelea. Uamuzi wa kuisafirisha haurudishwi, na mara nyingi ndio unaoamua bao. Mshindi ni yule anayemwacha mwenzake bila kete katika safu ya mbele, au bila mchezo wowote halali.

Alex de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mabingwa wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake Leiden mwaka 1995, aliuchunguza mchezo huu kama kipimo cha uwezo wa akili ya binadamu. Alikuwa na sababu. Namua, nyumba na njia ya kupitia kichwa, vikiunganishwa, vinafanya mchezo kuwa mgumu kuliko ndugu zake wengi. Na umekuwapo muda mrefu: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikwisha tunga shairi juu ya bao kabla njia ya Tabora haijafikia kilele chake.

Ukoo wa maziwa: kete hurudi pale mkono ulipoanzia

Ukipanda kutoka Tabora kwenda kaskazini-magharibi, kupitia Karagwe hadi Buganda, unakutana na omweso. Ubao ni 4 kwa 8 na kete ni 64, zinazoitwa empiki. Mpwani akikaa mbele ya ubao huo atadhani yuko nyumbani, na atafungwa haraka.

Katika omweso hakuna namua wala nyumba. Kete zote 32 za kila mchezaji ziko ubaoni tangu mwanzo, na kila mmoja anazipanga upande wake apendavyo kabla ya mchezo kuanza. Ili ule, kete yako ya mwisho iangukie shimo la mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya adui katika mstari ule, la mbele na la nyuma, yawe na kete. Ukila unachukua vyote viwili. Kisha kete hizo hurudi ubaoni kuanzia pale mkono huo wa ulaji ulipoanzia, bila kupitia kichwa.

Sheria mbili hizo zinazaa mchezo wa tabia nyingine. Ghala la nyuma halipo: kilichoko nyuma kinaliwa pamoja na cha mbele. Kinga ya mchezaji ni kuacha pengo. Shimo moja la mstari likiwa tupu, lile jingine haliliwi hata likijaa. Mpwani anajilinda kwa kurundika nyuma, Mganda anajilinda kwa kupanga matupu yake. Mwelekeo nao una masharti: mkono huzunguka upande mmoja, na ruhusa ya kurudi kinyume hupatikana katika mashimo manne ya mwisho upande wa kushoto, tena pale tu mchezaji anapokula.

Igisoro ya Rwanda ina mifupa hiyo hiyo: mashimo mawili huliwa kwa pamoja, kete hurudi pale mkono ulipoanzia, na mashimo maalum ndiyo yanayoruhusu kugeuza. Aliyezoea omweso atahitaji maelezo machache tu kabla ya kuucheza. Aliyezoea bao la Kiswahili atalazimika kujifunza upya.

Ukoo wa kusini: kete huondoka

Ukoo wa tatu uko Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini, kwa majina kama ntchuva, tsoro na moruba. Hapa kete iliyoliwa hutolewa ubaoni na hairudi tena. Tofauti hii inaonekana ndogo ikielezwa, lakini inabadilisha hisia yote ya mchezo. Katika koo mbili za kwanza kete 64 hubaki ubaoni hadi mwisho, na aliyebaki na kete tano anaweza kupindua meza kwa mkono mmoja. Katika ukoo wa kusini mchezo unapungua kila zamu, na aliyepoteza mapema ana kazi kubwa kurudi.

Hapa pia pamejificha undugu unaonishangaza kuliko mwingine wote. Oman wana mchezo wa safu 4 uitwao hawalis. Kwa kuwa Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar mnamo 1840, na watu wa pande mbili hizo wameoana na kufanya biashara kwa vizazi, mtu angetarajia hawalis iwe bao la Zanzibar lililovuka bahari. Sivyo ilivyo. Hawalis haina namua na haina nyumba. Inaanza na kete 2 katika kila shimo, na kinacholiwa hutolewa. Kwa sheria zake, hawalis ni jamaa wa Msumbiji na ukanda wa Ziwa Nyasa.

Ninavyosoma mimi, jambo hili linatuambia ni nani aliyeubeba mchezo. Watu waliotekwa maeneo ya Ziwa Nyasa na kaskazini mwa Msumbiji walipitishwa Kilwa, wakafikishwa Zanzibar, na wengi wakavushwa hadi Uarabuni. Hawakuruhusiwa kubeba kitu. Mashimo ya mchezo wao yanachimbika kwenye mchanga wowote, na kete zake ni kokoto za mahali popote. Bao la mabwana waliokaa barazani Unguja halikuota Oman. Mchezo wenye sura ya kule walikotoka waliotekwa ndio ulioota. Hati za biashara hazikuandika majina yao, lakini sheria za hawalis zinaelekeza kwao.

Majina yanavyopoteza njia

Wengi huanza kutafuta undugu kwa majina, na majina ya jamii hii yanavutia kweli. Isolo ya Wasukuma, igisoro ya Rwanda, kisolo ya Waluba wa Congo, tsoro ya Washona: ni wazi kwamba yanatoka shina moja la Kibantu. Lakini jina na sheria havikusafiri pamoja. Igisoro hurudisha kete ubaoni na tsoro huziondoa, ingawa majina yao ni pacha. Igisoro na omweso zinafanana karibu katika kila sheria, ingawa majina yao hayahusiani. Kisolo huchezwa kwenye ubao wa mashimo 7 kwa safu badala ya 8. Jina lilikuwa la zamani na la jumla, likashikwa na kila mchezo uliokuwepo mahali. Ndiyo sababu ninasisitiza kuuliza sheria.

Kilichokuwepo kabla ya misafara

Je, misafara ndiyo iliyoleta michezo ya safu 4 bara? Ushahidi unakataa. Mfaransa Étienne de Flacourt alichapisha kitabu chake juu ya Madagascar mwaka 1658, na humo anataja mchezo wa Wasakalava uitwao fifangha ambao wataalamu huuhesabu katika jamii hii. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya misafara mikubwa ya pembe za ndovu kuingia Unyamwezi.

Ushahidi wa pili uko London. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kuna sanamu ya mti ya Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa Wakuba wa Kasai aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 17. Kila mfalme wa Wakuba alichongewa sanamu yenye alama yake mwenyewe, na mbele ya Shyaam pamechongwa ubao wa mchezo huu. Mapokeo ya Wakuba yanamhesabu kuwa ndiye aliyeuleta kwao. Sanamu yenyewe ilichongwa baadaye kuliko utawala wake, lakini bado ilitangulia kufika kwa watu wa pwani Kasai. Mchezo wa mashimo ulikuwa alama ya mfalme katikati ya Congo wakati Tabora haijawa hata kituo.

Kwa hiyo Wanyamwezi na Wasukuma wana haki. Nchi yao iko katikati ya eneo la safu 4, majirani zao wa kaskazini, magharibi na kusini wote walikuwa nayo, na haielekei kwamba wao peke yao waliketi bila mchezo wakisubiri msafara.

Kilicholetwa na misafara

Hata hivyo misafara ilileta kitu, na kitu hicho ni namua. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Katika maandishi yake anaeleza iwanza, nyumba ya wanaume katika vijiji vya Wanyamwezi, walimokaa mchana kutwa wakizungumza, wakivuta tumbaku na kucheza, na bao analitaja miongoni mwa michezo aliyoikuta katika safari ile. Mchezo, basi, ulikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo ilikuwa pia mahali ambapo habari za njiani zilipokelewa.

Wapokeaji wenyewe walikuwa wasafiri. Historia ya njia hii imezoea kusimuliwa kama safari za Waarabu na Wazungu, lakini mizigo ilibebwa na Wanyamwezi, maelfu kwa maelfu, kila kiangazi wakishuka pwani na kurudi. Hata Fundikira, mtemi wa Unyanyembe wakati wa Burton, inasimuliwa kwamba alikuwa njiani kwenda pwani kama mpagazi alipopata habari za kifo cha baba yake, akatua mzigo na kurudi kutawala. Mtu wa namna hii alikaa Bagamoyo akingoja msafara ujipange, akaona namna ya pwani ya kuanza na kete 22 mkononi, akairudisha nyumbani. Hakuhitaji kufundishwa bao. Alihitaji kufundishwa sheria chache mpya juu ya mchezo alioujua tangu utoto.

Lakini kusafiri peke yake hakutoshi kueleza kilichotokea, kwa maana misafara ilikwenda pia Buganda. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mnamo 1844, na wafanyabiashara wa pwani wakaendelea kwenda huko hadi mwisho wa karne. Omweso haikutikisika. Mmisionari John Roscoe alipochapisha kitabu chake juu ya Waganda mwaka 1911, aliueleza mchezo wao, na hadi leo sheria zake hazina namua.

Tofauti ninaiona katika namna ya kukaa. Buganda watu wa pwani walikuwa wageni wa mfalme. Waliishi kwa ruhusa yake, karibu na ikulu yake, katika nchi ambayo mchezo wake ulikuwa na heshima na mabingwa wake. Tabora waliweka makazi. Walijenga tembe zenye kuta nene Kwihara na Ituru, wakaoa, wakazika, wakapanda miembe, na Kiswahili kikawa lugha ya mji. Watoto waliozaliwa humo walijifunza bao kwenye baraza moja, wa Mmanyema, wa Mnyamwezi na wa mtu wa Mrima, yaani pwani.

Mfano wa Malawi unaunga mkono hoja hii. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, aliweka makazi ya kudumu Nkhotakota, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Malawi ya leo ina bawo, mchezo ambao sheria zake ziko karibu sana na bao la Kiswahili, ilhali majirani zake wa Msumbiji wana michezo ya kuondoa kete. Mahali ambapo mtu wa pwani alijenga na mji ukazungumza lugha yake, namua ilikaa. Mahali alipopita kama mgeni, haikukaa.

Siri iliyo mikononi mwa watoto

Kuna ushahidi mwingine ambao tumeudharau kwa sababu tunawaachia watoto. Ni bao la kujifunza. Kila shimo linawekewa kete 2, hakuna namua, hakuna nyumba, na mchezo unaanzia moja kwa moja kwenye mtaji. Tumezoea kusema ni bao kubwa lililopunguzwa ili mtoto alimudu.

Ukiliweka karibu na ndugu zake, picha inageuka. Ubao uliojaa tangu mwanzo ndio mwanzo wa omweso. Kete 2 kila shimo ndio mwanzo wa hawalis, mchezo wa watu wazima mbali kabisa na Tabora. Kati ya michezo yote niliyoitaja, inayoanza na ubao usiojaa na kuingiza kete moja moja ni bao la Kiswahili na jamaa zake wa karibu kama bawo. Kanuni ya kawaida ya kuchunguza koo inasema jambo linalopatikana kwa ndugu wengi waliotawanyika huenda ndilo la zamani, na linalopatikana kwa mmoja huenda ndilo jipya. Kwa kanuni hiyo bao la kujifunza limehifadhi mwanzo wa kale wa mchezo, na namua ni ufundi ulioongezwa pwani juu yake. Mtoto wa Isevya au Ng'ambo anayechimba mashimo 32 ardhini na kuweka kokoto mbili mbili anaweza kuwa anacheza kitu kilicho karibu zaidi na zama za kabla ya misafara kuliko babu yake aliyeko barazani.

Simu zinavyoamua

Michezo ya jamii hii sasa imeingia kwenye kompyuta, na huko nako undugu unafichwa. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walikokotoa hali zote 889,063,398,406 zinazoweza kutokea katika awari, mchezo wa safu 2 wa jamii ya oware, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Katika kipindi hicho watafiti wa Maastricht waliandika programu ya kucheza bao, lakini bao lenyewe halijatatuliwa kwa namna ile.

Kijana wa Tabora akitafuta mchezo wa mashimo kwenye simu yake, anachopata kwanza kwa kawaida ni mchezo wa mashimo 6 kila upande na ghala kubwa kila mwisho. Mchezo huo ni Kalah, uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mnamo 1940 na kuuzwa madukani nchini kwake. Unapewa jina la jumla, mancala, kana kwamba ndio mzazi wa yote, wakati ni mdogo wao. Programu chache za bao zilizopo hufuata sheria za Zanzibar, kwa sababu ndizo zilizoandikwa kitabuni. Hatari iko hapo. Simu huchagua sheria moja na kuinyamazisha nyingine, na sheria ambayo haijaandikwa haitachaguliwa kamwe.

Namna ya kuipima hoja hii

Mwaka 2020 Kazakhstan, Kirgizstan na Uturuki ziliandikisha kwa pamoja UNESCO michezo yao ya mashimo kama urithi mmoja wa nchi tatu. Zilikubaliana kwamba togyzqumalaq na ndugu zake ni mali yao wote. Sisi tuna urithi mpana zaidi, kutoka Kampala na Kigali hadi Tabora, Zanzibar na Nkhotakota, wenye koo tatu zilizo hai. Tunachokosa ni kumbukumbu za sheria za katikati.

Kazi yake haihitaji fedha nyingi. Vipo vyuo Tabora, kimojawapo kile cha Askofu Mkuu Mihayo, na ipo tembe ya Livingstone Kwihara ambayo wageni huitembelea bila kuonyeshwa wapagazi walicheza nini. Mwanafunzi mmoja mwenye daftari anaweza kwenda Uyui, Sikonge, Urambo au Nzega akamuuliza mzee anayejua isolo maswali matano: Mchezo unaanza na kete ngapi katika kila shimo? Ukila, unachukua za mbele tu au na za nyuma? Kete ulizokula unaanza kuzigawa kutoka wapi? Ni mashimo gani yanayoruhusu kugeuza mwelekeo? Na mtu anahesabiwa kufungwa lini? Aende pia kwa akina mama, kwa sababu mchezo wa jikoni na shambani mara nyingi haukukaa barazani na haukupata nafasi ya kubadilishwa na wageni.

Majibu yataamua kama nimesema kweli. Iwapo isolo ya vijijini inakula za mbele na za nyuma kwa pamoja, na kete zinarudi pale mkono ulipoanzia, basi ni dada wa omweso na igisoro, na Tabora ni mpaka wa koo mbili kama ninavyodai. Iwapo kete zinapitia kichwa, ushawishi wa pwani uliingia ndani zaidi kuliko ninavyofikiri. Iwapo zinaondolewa, itabidi ramani yote ya ukoo wa kusini isogezwe juu. Kila moja ya majibu hayo ni ukurasa wa historia ya watu waliotembea njia ile na mizigo begani, na waliobaki wanaoujua mchezo wenyewe wanaweza kutusomea leo kwa kokoto na mashimo machache, tukienda kuwauliza.